Waini nyekundu ya Dodoma: drai, tamu, ile kali, au uchukue Pinotage? Na ipi iende na chakula gani

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama mezani kuna nyama ya kuchoma chukua Dodoma nyekundu drai na uipooze kidogo, kama chakula kina pilipili ya kutosha chukua Dodoma tamu, kama mmeshakula na kuna kitu kitamu cha kumalizia chukua ile kali iliyoongezwa spiriti (pombe kali), na kama ni mbavu za ng'ombe au nyama iliyokaa jikoni masaa na hela ipo, hapo ndio Pinotage ya Afrika Kusini inastahili bei yake. Wenye muda tuendelee, maana ukishajua sababu utaweza kuchagua mwenyewe hata ukikutana na chupa ambayo hujawahi kuiona.

Kwanza tuelewane tunalinganisha nini. Kwenye shelfu za Dar, Dodoma, Arusha, Mwanza, nyekundu zinazokaa jirani na watu wanazichanganya ni hizi nne. Ya kwanza ni nyekundu drai ya Dodoma, yani sukari ya zabibu karibu yote imeliwa na hamira ikawa kilevi. Ya pili ni nyekundu tamu ya Dodoma, hii sukari imebaki ya kutosha na ulimi unaisikia kabla hujameza. Ya tatu ni nyekundu tamu iliyoongezwa spiriti, nzito, inapanda kichwani mapema, na wengi wanaimimina glasi nzima kama ile ya pili bila kusoma lebo. Ya nne ni Pinotage, mgeni kutoka Kusini. Sijaweka zile za boksi zisizosema hata aina ya zabibu, wala waini ya ndizi na ya rozela, hizo zina mambo yake mengine na chakula chake kingine. Wa Kenya mna Leleshwa yenu ya Naivasha na mengi ya hapa chini yataifaa pia, ila mi naongea ya Dodoma kwasababu ndio naijua na ndio naipenda.

Sasa kwanini ya Dodoma ina ladha ilivyo. Pale ni nchi kavu, iko juu kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua ni msimu mmoja tu kuanzia kama Desemba mpaka Aprili, jua la mchana ni kali alafu usiku kunapoa. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950, misa inataka divai ya zabibu kweli na kuagiza kila mara ni gharama, zao likashika, baadae serikali ikaingia na kituo cha utafiti kikawekwa Makutupora. Zabibu inayoitwa Makutupora Red imechukua jina la hapohapo na ndio imebeba sehemu kubwa ya nyekundu ya Dodoma, Syrah nayo ipo, na kwa nyeupe ni Chenin Blanc. Ukienda Hombolo, Mpunguzi, Chinangali, utakuta mashamba ya watu wa kawaida kabisa, eka moja eka mbili, wanauza zabibu zenyewe au wanasindika wanauza mchuzi wa zabibu, yani maji ya zabibu yaliyokamuliwa, kwa wenye viwanda.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Nchi za baridi mzabibu unalala miezi ya baridi, ukiamka unazaa mara moja imetoka hiyo. Dodoma haulali, mkulima ndio anaupangia kwa kuupunguzia matawi, kwahiyo kuna mavuno ya mwezi wa pili na wa tatu hivi, na mengine ya mwezi wa nane na wa tisa. Zabibu za masika zinakunywa maji mengi na ukungu unazisumbua, za kiangazi zinakuja na sukari iliyokolea na ngozi safi. Ndio maana chupa mbili zenye lebo ileile zinaweza zisifanane na mtu akadhani kauziwa feki.

Na hiyo ndio inanifanya niseme nyekundu ya Dodoma inywe ikiwa changa. Usinunue ukaiweka kabatini miaka mitano ukisubiri iwe bora, nyingi hazijatengenezwa hivyo, uzuri wake ni ule uchangamfu wa tunda na uchachu unaoamsha mate. Inunue, inywe.

Pinotage ni habari nyingine. Ni zabibu ya Afrika Kusini kwa kuzaliwa, profesa Abraham Perold pale Stellenbosch mwaka 1925 alichanganya Pinot Noir na Cinsaut, hiyo Cinsaut wenyewe kule walikuwa wanaiita Hermitage, ndio jina likaungwa kutoka pande mbili. Ina rangi nzito, ina harufu ya matunda meusi na mara nyingi kamoshi kwa mbali, nyingine zimekaa kwenye mapipa ya mwaloni mpaka zinanukia kahawa. Ukakasi wake ni mkubwa kuliko wa Dodoma drai, utausikia kwenye fizi na pembeni ya ulimi kama umetafuna ngozi ya zabibu, na kweli huko ndiko unakotoka, kwenye ngozi na mbegu.

Bei nayo tuiseme maana watu wanachagua na mfuko. Tanzania ushuru wa bidhaa kwa waini iliyotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 ni mdogo sana kuliko wa waini nyingine, kwahiyo ukikuta Dodoma ni nafuu usidhani imepunguziwa bei kwasababu ni mbovu, umepunguziwa kodi. Mi nasema hapo ndio pa kutumia akili, kwa hela ya Pinotage moja ya kawaida unaweza kupata Dodoma drai na ukabaki na chenji ya kuongeza nusu kilo ya nyama. Na sehemu ya hela unayolipia Dodoma inarudi kwa mkulima wa Hombolo, hilo nalo kwangu lina uzito.

NYAMA CHOMA, na hapa ntakaa sana

Nyama choma ndio chakula chetu cha kukaa na watu na ndio kipimo changu cha nyekundu yoyote. Ule ukakasi wa waini unashika protini, ukinywa peke yake unashika protini ya mate ndio maana mdomo unakauka, ukinywa na nyama unapata kingine cha kushika, waini inalainika na nyama nayo inaonekana haina mafuta mengi. Chumvi inasaidia hapohapo, inapunguza uchungu. Kwahiyo nyama ya chumvi, mafuta na moshi na nyekundu drai ni mambo yanayofanyiana kazi, sio stori za wazungu wa hotelini.

Mbuzi: Dodoma drai, bila kufikiria mara mbili. Mbuzi wa huku kwetu mara nyingi mafuta yake sio mengi ila ladha yake ni ya nguvu, hasa beberu, Pinotage nzito inamfunika wakati Dodoma drai na uchachu wake inakaa nae sawa kwa sawa. Ukienda mnadani Msalato, hapohapo Dodoma, ukala mbuzi pale na chumvi na limao, alafu ukawa na chupa ya Dodoma drai ya baridi kiasi, utaelewa nachosema kuliko maelezo yoyote. Limao linasaidia, chakula chenye uchachu kinataka waini yenye uchachu, vinginevyo waini inaonekana maji maji.

Ng'ombe inategemea. Steki nyembamba ya kuchoma haraka, mishkaki, Dodoma drai inatosha kabisa. Mbavu zenye mafuta, au nyama ya shingo iliyopikwa taratibu na nyanya na kitunguu mpaka mchuzi umekuwa mzito, hapo nakubali Pinotage inashinda na sitaki kubishana, uzito unataka uzito mwenzake. Ila angalia kitu kimoja, nyama ikiungua ikawa nyeusi alafu ukanywa Pinotage iliyokaa kwenye mwaloni, uchungu juu ya uchungu, mdomo unabaki na ladha ya mkaa. Mwambie mchomaji asiunguze, au kata zile sehemu nyeusi.

Pilipili ndio inabadilisha hesabu yote. Kilevi na ukakasi vinaongeza moto wa pilipili, hii utaihakikisha mwenyewe kwa tonge moja tu, kula kipande ulichochovya kwenye pilipili ya kusaga alafu unywe Pinotage ya asilimia 14, utatafuta maji. Sukari inatuliza. Kwahiyo kama wewe ni mtu wa pilipili kwenye kila tonge, kwako Dodoma tamu na nyama choma ni sahihi na usikubali mtu akwambie hujui waini. Nshaona mara nyingi mtu anachekwa mezani kwa kuagiza tamu wakati sahani yake ina pilipili mbuzi tatu, yeye ndio alikuwa amechagua vizuri kuliko wanaomcheka.

Kitimoto, ya kukaanga na ndizi pembeni, mafuta ni mengi, Dodoma drai iliyopozwa vizuri inafuta mafuta mdomoni na kukuandaa kwa kipande kinachofuata. Ikiwa rosti na pilipili hoho na nyanya, bado drai. Ikiwa imejaa pilipili, rudi kwenye tamu. Pinotage hapa siipendi, inakuwa nzito juu ya nzito na unashiba mapema.

VYAKULA VYA SUFURIANI

Pilau ina ugumu wake maana ndani kuna mdalasini, iliki, karafuu, bizari nyembamba, vyote vina harufu ya utamu ingawa chakula chenyewe sio kitamu. Pilau ya nyama ya ng'ombe naipa Dodoma drai, zile harufu za viungo zinakutana na harufu ya tunda kwenye waini na vyote viwili vinapanda. Shida ni kachumbari, ukiweka ya siki nyingi na pilipili basi drai inakunja uso, kachumbari ya limao kidogo haina tatizo. Biriani mi naona inapenda waini yenye utamu kidogo, vile vitunguu vya kukaanga vimeshakuwa vitamu tayari na rosti lake ni zito, kwahiyo Dodoma tamu iliyopozwa au ile ya katikati ya drai na tamu kama ukiipata. Pinotage na biriani inaweza kwenda pia endapo pilipili ni ya mbali.

Kuku wa kienyeji wa mchuzi, drai iliyopozwa. Kuku wa kisasa wa kukaanga hata Chenin Blanc ya Dodoma inamfaa kuliko nyekundu, tuseme ukweli.

Maharage ya nazi na chapati watu hawayafikirii kabisa kwenye waini, ila jaribu na drai. Nazi ina mafuta na utamu kwa mbali, ule uchachu unaamsha. Nyama ya kukausha iliyoungwa karanga na ugali wa uwele, chakula cha Wagogo wenyewe wanaoishi na mizabibu, hii na drai ni nzuri mno na nashangaa hoteli za Dodoma haziiweki kwenye menyu pamoja. Mlenda ukipikwa na magadi unanishinda, magadi yanaua uchachu wa waini na kinachobaki kinakosa uhai, kwahiyo kula mlenda wako kwa raha alafu waini isubiri.

Samaki, hapana kwa nyekundu zote nne. Waini nyekundu ina madini ya chuma na ikikutana na mafuta ya samaki inaacha ladha kama umelamba kijiko, na kwa dagaa ndio kabisa. Sato wa kukaanga na limao mpe Chenin Blanc. Kama lazima iwe nyekundu basi Dodoma drai ya baridi sana na samaki wa kuchoma mwenye nyanya nyingi, hapo unaweza kupona.

Chipsi mayai na tomato sosi, ile sosi ni tamu na ina siki, drai inakuwa chungu ghafla. Chukua tamu au kunywa soda yako tu.

ILE KALI TAMU

Hii inahitaji heshima yake. Waini ya kawaida inacheza kwenye asilimia 11 mpaka 14 za kilevi, zilizoongezwa spiriti zinakwenda 15 na kuendelea, nyingine zinafika 18 au 20, na utamu unazificha. Usiipe mtu glasi kubwa na nyama choma jua la saa saba mchana alafu mkashangaa anavyoongea. Glasi ndogo, baada ya chakula, na kitu kitamu. Sheria yake ni kwamba waini iwe tamu kuliko kile unachokula, la sivyo waini inaonekana chungu. Kashata za karanga zinakubali vizuri sana. Chokoleti nyeusi inakubali. Keki ya matunda ya Krismasi ndio pacha wake kabisa. Tende tupu ni tamu mno, zinaizidi nguvu, labda zikiwa zimechanganywa na korosho au jibini kidogo. Visheti na halua vivyo hivyo, sukari imezidi.

Ukinunua hii usiilinganishe na Dodoma tamu ya kawaida kwa kuangalia bei peke yake. Soma asilimia kwenye lebo, alafu piga hesabu itanyweka kwa siku ngapi na watu wangapi. Chupa moja ya kali kwa watu sita baada ya chakula inatosha, wakati ya tamu ya kawaida inaisha raundi moja.

JOTO LA CHUPA, hapa ndipo Dodoma inapoonewa

Tumeambiwa nyekundu inywewe kwenye joto la chumba. Hiyo kanuni imetoka nyumba za Ulaya zenye baridi, chumba nyuzi 16 mpaka 18. Chumba cha Sinza au Tandika, Dar, mwezi wa pili ni nyuzi 30. Waini ikiwa ya moto hivyo kilevi kinapanda puani, tunda linapotea. Mtu anainywa hivyo baa, kwenye glasi ya plastiki, chupa imesimama dirishani juani wiki tatu, alafu anatangaza waini za Dodoma mbaya. Inaniuma sana hii. Hata chupa ya gharama kutoka Ufaransa ungeifanyia hivyo ingekuwa mbovu hivyohivyo.

Kwahiyo: drai na Pinotage weka kwenye friji kama saa moja kabla ya kula, Dar ikiwa ya joto hata saa moja na nusu. Tamu iwe ya baridi zaidi, masaa matatu ni sawa. Ile kali nayo kama saa moja inatosha. Barafu ndani ya glasi siipendekezi kwa drai, inaiyeyusha nguvu, kwa tamu sina neno sana. Dukani chukua chupa ya nyuma ya shelfu iliyo gizani, acha ile ya mbele inayopigwa na taa au jua, na ya kizibo cha gome ukifika nyumbani ilaze, ya kizibo cha kuzungusha simamisha tu.

Bado kuna suala la wageni wasiokunywa, iwe kwa dini au ndio wanaendesha gari kurudi. Chemsha rozela na tangawizi, sukari kidogo sana, ipoe kabisa kwenye friji. Ina rangi, ina uchachu, na juu ya nyama ya mafuta inafanya kazi ileile ya kusafisha mdomo, mi huwa naiweka kwenye glasi zilezile za waini ili asiwepo mtu mezani anayejiona wa pembeni.

Kama unanunua kwa ajili ya sherehe yenye watu mchanganyiko, kwa mfano mahari au ubarikio, na vyakula ni pilau, kuku, nyama choma na ndizi, usibebe Pinotage nyingi kwa kutaka kuonekana. Mgao wangu ni chupa mbili za Dodoma drai kwa kila moja ya tamu, alafu Pinotage kidogo kwa wanaoiulizia. Wazee wengi na mashangazi watakwenda kwenye tamu, kwahiyo ukijua ukoo una mashangazi wengi geuza hiyo hesabu. Ile kali itoke na keki, sio kabla.

Na ikibaki: drai funga, rudisha friji, siku tatu mpaka tano iko vizuri. Tamu inasogea kidogo zaidi. Kali inakaa wiki kadhaa bila shida. Drai iliyopita siku zake usimwage, kesho yake weka kikombe kwenye rosti la nyama ya ng'ombe baada ya kukaanga vitunguu na nyanya, acha ichemke mpaka ile harufu kali ya kilevi iishe ndio uweke maji. Ya tamu usiiweke kwenye rosti, utapata mchuzi wenye ladha ya jamu.